Oili Inavuja Kutoka Wapi? Swali Linalopaswa Kutangulia Chupa

Ukisimama kwa nusu saa mbele ya kaunta ya duka la vipuri kwenye barabara ya Kirinyaga, ambayo wengi wetu bado tunaiita Grogan, hutakosa kumwona mteja akiomba dawa ya kuziba oili inayovuja kwenye injini. Muuzaji atamuuliza kama gari ni la petroli au la dizeli, atateremsha chupa kutoka kwenye rafu, atapokea malipo kwa simu, na shughuli itakuwa imekwisha. Swali ambalo lingeamua kama fedha hizo zimetumika vizuri au zimemwagwa halitaulizwa na yeyote kati yao: oili yenyewe inavuja kutoka wapi?

Sisemi kwamba dawa hizo ni ulaghai. Zimetengenezwa kwa msingi wa kemia inayoeleweka, na mahali pake zinafanya kazi. Ninalolisema ni kwamba zinatibu ugonjwa mmoja tu kati ya mengi yanayofanya injini ilowe, ilhali hapa Nairobi tunazinunua kama badala ya uchunguzi. Tumezoea kumlipa fundi kwa kubadilisha kitu, lakini hatujazoea kumlipa kwa kutafuta tatizo, na pengo hilo ndilo chupa inalolijaza.

Kiwango cha KS 1515 cha Shirika la Viwango la Kenya, KEBS, kinazuia kuingizwa nchini kwa magari yaliyotumika yenye umri unaozidi miaka 8. Kanuni hiyo inahusu mlango wa kuingilia peke yake. Gari likishapata namba, linaweza kuishi nasi miaka mingine 15 au 20, likipita mikononi mwa wamiliki wanne au watano, wengine wakibadilisha oili kwa wakati na wengine wakingoja taa nyekundu. Kwa hiyo magari mengi yanayopanda na kushuka barabara ya Jogoo kila asubuhi yana raba ambazo zimepikwa kwa muda mrefu. Ninatumia neno hilo kwa maana yake halisi, kwa sababu oili ya injini iliyopata moto hukaribia nyuzijoto 100, na gari lililokwama kwenye foleni halipati upepo wa kuipoza injini kama linavyoupata likiwa safarini.

Sili ya krenki, ile shafti kuu inayozungushwa na pistoni, ni pete ya raba yenye mdomo mwembamba unaogusa shafti inayozunguka, na nyuma ya mdomo huo kuna springi ndogo inayoubana usiachie. Raba inapokuwa mpya hunyumbulika na kufuata kila mtikisiko wa shafti. Joto na miaka huinyang'anya zile kemikali zinazoilainisha, ikawa ngumu, ikanywea kidogo, na mdomo wake ukaacha kuifuata shafti kama ilivyokuwa. Hapo oili hupata upenyo. Dawa ya kuziba iliyotengenezwa kwa ajili ya oili, ile yenye kemikali za jamii ya esta, huingia ndani ya raba hiyo, ikailainisha na kuifanya ivimbe kwa kiasi kidogo ili mdomo urudi mahali pake. Kazi hiyo haikamiliki kwa saa moja. Huchukua siku kadhaa za kuendesha gari, mara nyingine mamia ya kilomita, kwa sababu kemikali inapaswa kuzunguka na oili ya moto na kupenya polepole. Hata oili zinazouzwa kwa ajili ya injini zenye kilomita nyingi huwekewa kiasi cha kemikali za namna hiyo, kwa hiyo wazo lenyewe si la wachuuzi wa barabarani.

Mipaka yake huanzia hapo hapo. Raba iliyochanika haiungani tena kwa kuvimba. Gasketi ya karatasi au ya koki iliyokauka ikapasuka haina cha kulainishwa. Sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, iliyotobolewa na jiwe au na matuta ambayo hayakupakwa rangi haihusiani kabisa na raba. Tena shafti yenyewe huweza kuwa imelika, kwa maana mdomo wa sili ukikaa mahali pamoja kwa miaka huchimba mfereji mwembamba kwenye chuma, na hata sili mpya ikiwekwa palepale huvuja baada ya muda mfupi. Fundi anayejua kazi hupitisha ukucha juu ya shafti hiyo, na akiuhisi mfereji huo, huisukuma sili mpya mbele au nyuma kwa milimita moja au mbili ili mdomo ukae kwenye chuma ambacho hakijalika. Hakuna chupa inayoweza kufanya uamuzi wa ukucha ule.

Kuna pia hatari ya kupitiliza. Injini moja huwa na raba za aina mbalimbali: naitraili huku, akriliki kule, silikoni kwenye kifuniko cha vali, na kwenye magari mengine Viton, raba inayostahimili joto zaidi, mbele ya krenki. Hazivimbi kwa kiwango kimoja. Anayemimina chupa mbili kwa sababu ya kwanza haikuleta matokeo huenda akaifanya raba iliyokuwa nzima iwe laini mno, ipoteze nguvu, na iwe ya kwanza kuharibika. Isitoshe, chupa ya mililita 300 ndani ya injini inayobeba lita 3.7 za oili, kama zile za 1NZ zilizomo kwenye Probox nyingi, ni takriban asilimia 8 ya kila kitu kinachozunguka humo. Hicho si kiasi cha kupuuzwa, hasa mtu asipoipunguza oili kwanza na kuishia kuijaza injini kupita alama ya juu ya kijiti cha kupimia oili.

Aina nyingine za dawa hizi hazishughuliki na raba kwa kweli. Zinaifanya oili iwe nzito ili ipite kwa shida. Huo ni mtindo ambao mafundi wetu waliujua kabla ya chupa kuja, walipokuwa wakimwambia mwenye gari ahamie kwenye oili nzito ya 20W-50. Uzito huo hupunguza matone, lakini asubuhi ya baridi ya Julai oili nzito huchelewa kufika juu kwenye kamshafti, ile shafti inayofungua vali, na injini ya kisasa iliyoundwa kwa oili nyepesi hulipia ucheleweshaji huo kwa kusagika. Na aliyechukua chupa ya rejeta akidhani ni ya injini, akamwaga kwenye oili dawa ile yenye chembechembe za kuziba matundu ya maji, amejitafutia balaa kubwa kuliko tone lolote, kwa kuwa chembe hizo huishia kwenye chujio la sampu na kuinyima injini oili.

Jambo ninalotamani kila mwenye gari kuukuu alielewe ni kupumua kwa injini. Kila pistoni inaposukumwa na mlipuko, gesi kidogo hupenya pembeni mwa ringi na kuingia chini, kwenye chumba cha krenki. Gesi hiyo lazima itoke. Hutolewa kupitia vali ndogo iitwayo PCV, ambayo huivuta na kuirudisha ichomwe pamoja na petroli. Ni kipande kisichozidi ukubwa wa kidole gumba, na ni miongoni mwa vipuri vya bei nafuu katika injini nzima. Kikiziba kwa masizi na utandu wa oili, gesi hukosa njia, shinikizo hupanda ndani ya injini, na oili husukumwa nje kupitia kila sehemu dhaifu: sili ya krenki mbele na nyuma, kifuniko cha vali, hata pale kijiti cha kupimia kinapochomekwa. Katika hali hiyo raba huenda hazina kosa kubwa, ila zimebebeshwa mzigo usio wao. Ukizilainisha kwa dawa bila kuifungulia injini pumzi, umezifanya ziwe laini mbele ya shinikizo lilelile. Na kama shinikizo linatokana na ringi zilizochoka, injini ikawa inatoa moshi wa buluu na kupulizia pumzi nzito kwenye tundu la kujazia oili, basi mazungumzo yanayohitajika ni ya kufungua injini.

Nimejifunza haya kwa gari langu mwenyewe, Corolla ya mwaka 1998, ile tunayoiita 110. Ilianza kuacha doa kwenye maegesho ya nyumbani, Buruburu, nami nikatandika kadibodi chini yake ili kuepusha maneno ya majirani. Fundi wa kwanza aliinama, akaona oili inadondoka mahali injini inapokutana na giaboksi, na papo hapo akasema ni sili ya nyuma ya krenki. Kuibadilisha kulihitaji kushusha giaboksi, kazi ya siku nzima, na gharama aliyoitaja ilinitisha. Aliponiona nimenyamaza akaniambia kwamba kuna dawa, tujaribu kwanza. Nikanunua. Kwa wiki mbili doa lilipungua, nikawasifia wenzangu kazini, kisha likarudi likiwa kubwa kuliko mwanzo.

Wa pili alikuwa mzee mmoja mwenye kibanda cha mabati karibu na Ngara. Nilipomweleza kwamba sili ya nyuma imeharibika, aliniuliza swali moja: "Nani ameiona?" Sikuwa na jibu. "Basi kijana wangu, tuanze kwa kunawisha uso wa mgonjwa," akasema. Aliiosha injini kwa dizeli na brashi, kisha kwa maji ya sabuni, akaikausha kwa upepo wa kompresa, halafu akanyunyizia sehemu zote za upande wa giaboksi poda nyeupe ya mtoto mchanga. Alinituma niende hadi mzunguko wa Pangani na kurudi, nisikimbize. Niliporudi akafungua boneti, akawasha tochi, akanivuta bega nitazame. Poda yote ilikuwa nyeupe, isipokuwa mstari mmoja wa kahawia ulioanzia juu kabisa, chini ya distribyuta, kile kifaa kinachogawia plagi umeme, ukateremka ukutani mwa injini hadi kwenye giaboksi. Chini, mahali sili ya nyuma ingetolea oili yake, palikuwa na unyevu mdogo tu, kama jasho.

Alifungua distribyuta, na nyuma yake kulikuwa na pete ya raba isiyozidi upana wa kifuniko cha soda. Alipoikunja ilikatika kama biskuti. Kisha akaichomoa vali ya PCV kwenye kifuniko cha juu, akaitikisa karibu na sikio langu. Haikutoa sauti. "Nzima hulia," akasema, na akatikisa mpya aliyoitoa kwenye pakiti, ikalia ka-ka-ka kama njuga ndogo. Pete na vali kwa pamoja ziligharimu chini ya ile chupa niliyokuwa nimeinunua. Kazi yote, pamoja na kuosha, ilikwisha kabla ya adhuhuri.

Simlaumu sana fundi wa kwanza, na hapa ndipo shida yetu ilipo. Aliponiambia bei ya kushusha giaboksi, mimi mwenyewe nilimwonyesha kwa uso kwamba sitailipa. Kama angeniambia anataka kulipwa kwa saa mbili za kuosha injini na kutazama, bila kuahidi kwamba atabadilisha chochote, ningeondoka nikidhani ananichezea. Katika gereji zetu za jua kali bei ina sehemu mbili, kipuri na mkono, na mkono unaheshimiwa pale tu ambapo kuna kitu kilichotoka na kingine kilichoingia. Mteja anataka aonyeshwe kipuri kizee kama ushahidi. Anayetafuta hana cha kuonyesha isipokuwa jibu. Kwa hiyo fundi anakisia, na kukisia kwake kukiwa ghali anakulainishia kwa chupa, na chupa ikishindwa kila mmoja ana pa kusukumia lawama: dawa ilikuwa bandia, oili ilikuwa mbaya, gari ni zee.

Kuna mfano mmoja unaotumiwa vibaya na watetezi wa dawa hizi, nao ni wa Subaru. Ni kweli kwamba mwaka 2004 kampuni hiyo iliwaita wenye magari ya miaka 1999 hadi 2002 huko Marekani, yale yenye injini ya lita 2.5, ili yawekewe dawa kwenye mfumo wa maji kwa sababu ya gasketi za silinda zilizokuwa zikivuja kwa nje. Kwa wale waliotii iliongeza muda wa kuzigharamia gasketi hizo hadi miaka 8 au maili 100,000. Lakini tazama mpangilio wa mambo. Wahandisi walijua ni gasketi ipi, inavujia upande gani, kwenye injini zipi, na baada ya hapo ndipo wakachagua dawa mahususi kwa ajili ya maji na kuweka ahadi ya kulipa ikishindwa. Utambuzi ulitangulia na chupa ikafuata. Anayeutaja mfano huo ili kuhalalisha kumimina dawa ya oili ndani ya Subaru ambayo hakuna aliyeichungulia chini ameuacha nusu ya habari barabarani.

Nikiulizwa ni lini dawa ya kuziba inafaa, jibu langu ni finyu. Chanzo kiwe kimeonekana kwa macho, kiwe ni sili ya raba iliyokauka wala si iliyochanika, uvujaji uwe wa jasho au tone la polepole, vali ya PCV iwe inalia, na gharama ya kulifikia eneo hilo iwe kubwa kupita kiasi ukilinganisha na kipuri chenyewe. Sili ya nyuma ya krenki ndiyo mgombea halali kuliko wote, kwa kuwa yenyewe ni ya bei nafuu lakini imefichwa nyuma ya giaboksi. Kifuniko cha vali hakistahili, maana gasketi yake hubadilishwa kwa saa moja. Nati ya sampu, swichi ya oili na chujio havistahili kabisa.

Yapo pia maeneo ambayo kusubiri dawa ifanye kazi ni hatari moja kwa moja. Oili inayodondokea ekzosi hutoa harufu ya kuungua leo na huweza kuwasha moto kesho. Inayoingia kwenye mkanda wa taimingi huulainisha na kuula, na mkanda ukikatika kwenye injini ambayo vali zake hukutana na pistoni, bei ya kila kitu tulichotaja hapo juu inakuwa ndogo. Inayofikia klachi huifanya iteleze mlimani. Raba zinazobeba injini, zile mauntini, nazo huvimba na kulegea zikioga oili kila siku.

Na mtu asidanganywe na neno "tone". Matone 20 hivi hufanya mililita moja. Injini inayodondosha tone moja kila sekunde 3, kwa dereva wa teksi anayekuwa barabarani saa mbili tu kwa siku, hupoteza matone 2,400, yaani mililita 120. Katika siku 8 au 9 lita nzima imekwenda, na lita moja ndiyo takriban tofauti kati ya alama ya juu na ya chini kwenye kijiti cha magari mengi madogo. Taa nyekundu ya oili kwenye dashibodi huwaka wakati shinikizo limekwisha kushuka, kwa hiyo haikusaidii kama onyo la mapema. Kijiti ndicho kinachosema mapema, na kinasomwa bure, asubuhi, gari likiwa mahali tambarare. Oili hiyo iliyopotea nayo haipotei kweli: mvua ikinyesha huzoa madoa ya maegesho na ya gereji zetu, na kutoka Grogan hadi Mto Nairobi ni hatua chache tu za mteremko.

Matumizi ya chupa yanayonikasirisha ni yale ya kuuza. Gari linalovuja linapelekwa kuoshwa injini kwa mashine ya presha, linamiminiwa dawa na oili nzito, na wiki hiyohiyo picha zake zinawekwa mtandaoni na maneno "injini kavu". Mnunuzi ambaye amekusanya akiba yake ya miaka mitatu analiona jioni moja, analipenda, analipia, na baada ya mwezi anaanza kutandika kadibodi. Huo ni wizi. Anayenunua gari kuukuu aogope injini inayong'aa kuliko injini yenye vumbi. Vumbi kavu lililotandaa sawasawa ni ushahidi ambao hauwezi kutengenezwa kwa siku moja, wakati vumbi lililogeuka tope jeusi pembezoni mwa gasketi linaeleza kila kitu. Aombe gari liachwe mahali pamoja usiku kucha, aje alitazame chini alfajiri kabla halijawashwa. Mwenye gari akikataa hilo, mnunuzi amekwisha pata jibu lake.

Ile 110 yangu bado ninaendesha. Baada ya pete na vali kubadilishwa, lilibaki lile jasho la sili ya nyuma, ambalo sasa nilikuwa nimeliona kwa macho yangu. Mzee aliniuliza klachi ina muda gani, nikamwambia inakaribia mwisho wake, naye akanishauri nisishushe giaboksi mara mbili. Kwa hiyo nilinunua chupa nyingine, ya esta, nikapunguza oili kiasi cha chupa hiyo kwanza kisha nikaimimina. Doa kwenye kadibodi, ambalo lilikuwa likipita sarafu ya shilingi ishirini kila asubuhi, limekuwa kama punje ya dengu, na miezi minne sasa halijakua. Sili mpya ninayo tayari nyumbani, kwenye droo, ndani ya karatasi yake, ikingoja siku ya klachi.